Mgongo wa chura uliolala miaka 9: dalili, chanzo na dawa yake

Gari la mjomba lilikaa miaka 9 kwenye banda la nyuma ya nyumba, hapa Tanga. Ni Volkswagen ya mwaka 1972, injini ya 1300, ile ambayo wengine tumezoea kuiita mgongo wa chura. Mjomba alipoliegesha lilikuwa linatembea vizuri kabisa, ndiyo maana nikajipa wikendi mbili: betri mpya, petroli mpya, halafu safari ya Pangani. Kazi ilichukua miezi 7, na karibu nusu ya fedha niliyotumia ilikwenda kwenye vipuri ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Kosa langu lilikuwa kulitibu kama gari linalotembea kila siku. Linalotembea huisha vyuma. Lililosimama huisha mipira, petroli na miguso ya umeme, na vyuma vyake vingi bado ni vizima chini ya kutu. Hapa chini nimeandika dalili kwa mpangilio niliokutana nao, pamoja na namna ya kupima kabla hujakimbilia duka la vipuri.

Spana zinashika kutu, sakafu inatoa jasho

Anza na banda. Ukiweka spana safi kwenye meza na baada ya wiki zina madoa mekundu, gari lako linapata hivyo hivyo, ila wewe huoni. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunalaumu chumvi moja kwa moja, lakini unyevu una njia mbili na kila moja ina dawa yake. Chukua kipande cha nailoni cha upana wa nusu mita, kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiache siku nzima hadi kesho yake. Ukikuta maji upande wa chini wa nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia zege. Ukikuta maji juu yake, ni unyevu wa hewa ya banda ndio unaogeuka maji.

Kwangu yalikuwa chini. Nilikuwa nimeshanunua mabati mapya ya paa, ambayo hayakusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuchimba mfereji nje ya ukuta ili maji ya mvua yasisimame, kisha kuweka nailoni nzito na kumwaga zege jipya juu yake. Kama unyevu ni wa hewa, toboa matundu ya hewa chini na juu kwenye kuta mbili zinazotazamana, na usifunike gari kwa turubai lisilopumua. Turubai la plastiki juu ya gari ni sawa na kulipika kwa mvuke.

Zege lina faida ya pili. Jeki ikisimama kwenye mchanga huzama upande mmoja bila kelele. Kama sakafu yako bado ni ya udongo, weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja ya "naangalia tu". Na injini ikiwaka, mlango wa banda uwe wazi wote: moshi wa ekzosi una sumu isiyo na harufu.

Kompresa ikinguruma bila kuanza kuzunguka, usikimbilie kuilaumu mota. Mara nyingi waya wa kurefusha umeme ni mwembamba na mrefu mno. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Ikiwaka, tatizo ni waya.

Kabla ya kununua hata plagi moja: shika puli

Kipimo hiki hakina gharama na ningependa mtu angenionyesha siku ya kwanza. Injini ikiwa imezimwa, nenda nyuma, ambako ndiko injini ya gari hili iliko, shika puli ya chini kwa mikono miwili, ivute kuelekea kwako kisha uisukume kwa nguvu. Mchezo unaoruhusiwa ni mdogo sana, takriban milimita 0.07 hadi 0.13, kiasi kwamba mkono hauuhisi. Ukisikia "tok, tok" ya wazi, beringi za krenki (shafti kuu ya injini) zimekula nyumba yake na injini inahitaji kufunguliwa yote. Ya mjomba ilikuwa imetulia, namshukuru Mungu.

Ukipiga stata inasema "ta" na kunyamaza

Betri ipo chini ya kiti cha nyuma. Hakikisha kwanza ina kifuniko, maana springi za kiti zikigusa vichwa vyake mtu mzito akikaa, kiti kinashika moto. Nimeona gari lililoungua hivyo, limebaki bodi tupu.

Kama betri imejaa na stata bado inajikokota, usiishushe. Weka mita ya umeme kwenye volti, waya mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, wa pili kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye njia ya kurudi. Mshukiwa wa kwanza ni mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha pua ya gia boksi na bodi: kwa kuwa injini na gia boksi vimekaa kwenye mipira, mkanda huo ndio njia yao ya kurudisha umeme. Wangu ulikuwa umegeuka kijani na kubaki nyuzi chache. Ufungue, kwangua pande zote mbili hadi chuma king'ae, funga mpya. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kupeleka stata kwa fundi.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao lakini huja injini ikiwa ya moto tu: asubuhi linawaka, ukisimama dukani dakika 10 halikubali. Umeme wa kuiamsha stata unatoka nyuma, unakwenda mbele hadi kwenye swichi ya ufunguo, kisha unarudi nyuma tena, na kila kiungo kilichozeeka kinakula kidogo. Rilei moja (swichi inayowashwa na umeme mdogo) karibu na stata, yenye waya wake wa moja kwa moja kutoka betri, inamaliza kesi.

Stata inazungusha vizuri, injini haiwaki

Hapa ndipo fedha yangu ilipoishia. Nilibadili plagi, nikabadili koili, nikanunua kabureta nzima. Kimya. Siku ya nne nikamwita fundi mmoja mzee wa Ngamiani. Nikampa shikamoo, nikamsomea orodha ya vitu vyote nilivyobadili. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, petroli umeiona kwa macho yako, au umeisadiki tu?"

Akatoa ea klina, akawasha tochi akachungulia koo la kabureta, kisha akauvuta mkono wa aksileta kwa kidole. Ndani kuna mrija mwembamba wa shaba. Ukivuta aksileta unapaswa kurusha mchirizi wa petroli. Haukurusha hata tone.

Kipimo hicho cha nusu dakika ndicho kinachogawa njia. Ukiona mchirizi, petroli imefika, nenda kwenye umeme. Usipouona, iache mifumo ya umeme na uifuate petroli kinyumenyume. Vua mpira unaoingia kwenye pampu, uinamishe kwenye chupa. Tangi la gari hili liko mbele na limekaa juu kuliko pampu, kwa hiyo likiwa na petroli ya kutosha inapaswa kutiririka yenyewe. Ikitiririka, shuku pampu. Isipotiririka, kizuizi kiko nyuma zaidi: kichujio kilicho kwenye mdomo wa tangi, bomba linalopita katikati ya sakafu ya gari, au vipande vya mpira vilivyo mwanzoni na mwishoni mwa bomba hilo.

Wangu ulikuwa mpira wa mbele, chini ya tangi. Kwa nje ulionekana mzima. Mzee akaukata kwa kisu na kunionyesha: ndani umevimba hadi tundu limebaki la kupitisha sindano. Badili mipira yote ya petroli kwa pamoja, na ununue ile iliyotengenezwa kwa petroli, siyo ya maji. Petroli ya zamani imwage yote. Ikinuka kama vanishi imeshaharibika na itaziba jeti za kabureta, yaani vitundu vyembamba vya kupitishia petroli. Kichujio cha plastiki usikifunge juu ya injini karibu na distributa, ingawa wengi ndipo wanapokiweka. Mpira ukichomoka hapo petroli inadondokea kwenye cheche. Bloku ya injini hii ni ya aloi ya magnesiamu, na magnesiamu ikishashika moto maji yanauchochea. Weka kizimamoto cha unga ndani ya gari na kingine mlangoni mwa banda.

Kama petroli ipo na cheche haipo, fungua kifuniko cha distributa. Platini, yaani miguso miwili inayofunguka na kufunga ili koili itoe cheche, zikisimama miaka huota utando usiopitisha umeme hata kama zinagusana. Zisugue kwa msasa laini, zifute, kisha uziweke kwenye milimita 0.4 kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) zikiwa zimefunguka kabisa. Usikadirie kwa ganda la kiberiti. Injini ikipiga risasi kwenye kabureta badala ya kuwaka, hakiki waya za plagi: ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele, silinda ya 1 na ya 2 ziko kulia, ya 3 na ya 4 kushoto, na 1 na 3 ndizo zilizo upande wa mbele wa gari. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2. Mafundi waliozoea Toyota huandika 1-3-4-2 kwa mazoea.

Inawaka, ikipata moto inazimika

Subiri ipoe, inawaka tena. Hapo watu husema petroli imechemka, na wakati mwingine ni kweli. Lakini ikizimika, kabla haijapoa, rudia kipimo cha tochi. Mchirizi ukiwepo, angalia kondensa, kidude kinacholinda platini zisiungue: ikishachoka huharibika kwa joto, na platini huungua na kupata shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Kondensa nyingi mpya ni dhaifu kuliko ya zamani, kwa hiyo ile iliyotoka kiwandani na gari usiitupe mpaka uhakikishe mpya inadumu.

Kama tatizo ni kwamba haitulii bila kukanyaga mafuta, tafuta kidude cha umeme kilichofungwa ubavuni mwa kabureta, chenye waya mmoja. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya na uurudishe: lazima kiseme "tik". Kisiposema, ama waya hauna umeme ama kidude kimekufa. Kikisema na tatizo likabaki, jeti ya mwendo wa chini imeziba. Itoe uipulize kwa upepo, usiitoboe kwa waya.

Inachemsha

Gari halina maji wala rejeta, kwa hiyo hakuna mvuke wa kukushtua. Utapata harufu ya oili ya moto, nguvu kupungua mlimani, na taa ya oili kupepesa ukisimama. Wengi watakwambia ndivyo zilivyo. Sivyo. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na tena 1962 likiwa na injini ndogo kuliko yangu. Likichemsha kuna kitu kimekosekana.

Kwanza feni belti. Inazungusha jenereta na feni kwa pamoja, ndiyo maana taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani unasimama palepale. Huna "nifike tu pale kituoni". Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: ishuke takriban milimita 15. Haina boliti ya kukazia kama magari mengine. Unafungua puli ya juu, unapunguza washa zilizo katikati ya vipande vyake viwili ili belti ikaze, na hizo ulizopunguza unazifunga nje chini ya nati, zisipotee.

Pili, chungulia ndani ya mabati yanayofunika silinda. Panya wa miaka 9 hawana adabu. Upande wa kushoto nilitoa nyasi, vipande vya gazeti na mifupa, vimejaa kati ya mapezi ya silinda ya 3 na ya 4. Hewa ilikuwa haipiti kabisa, na kama nisingefungua ningelaumu taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche.

Tatu, angalia kama mabati yote yapo, pamoja na mpira unaozunguka injini na vile vya kwenye waya za plagi. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto ya chini isirudi juu na kuvutwa tena na feni. Mafundi wakishusha injini mara mbili tatu, mabati madogo hubaki kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Na oili ni lita 2.5 tu. Ukimwaga lita 4 kwa mazoea ya magari mengine utafukuza sili.

Breki: hapa usiharakishe

Nilizifanya mwisho, na hilo ni kosa. Gari lisilowaka haliui mtu.

Pedali ikishuka karibu na sakafu lakini ukipiga mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu, viatu vya breki viko mbali na dramu. Hazijirekebishi zenyewe, kuna tundu dogo la kuingizia bisibisi bapa na kuzungusha nyota ya ndani. Kaza mpaka gurudumu liume, kisha rudisha meno machache hadi lizunguke huru. Kila gurudumu lina nyota mbili.

Pedali ikiwa laini kama sifongo, kuna upepo. Ukitoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Vitabu vingi vimeandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto na vinakuambia uanze nyuma kulia. Letu lina usukani kulia, kwa hiyo anza nyuma kushoto.

Pedali ikiwa ngumu mwanzoni, halafu ukiendelea kuikanyaga inashuka polepole bila tone kuonekana nje, masta silinda inavujisha ndani. Usiiahirishe siku kwa siku.

Dalili iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya gurudumu la mbele kulia: ukikanyaga linashika, ukiachia haliachii, na baada ya kilomita moja dramu haigusiki kwa joto. Nilibadili silinda ya gurudumu bila mafanikio. Kipimo chenyewe ni hiki: gurudumu likiwa limeng'ang'ania, fungua kidogo nati ya kutolea upepo. Likiachia na maji ya breki yakaruka kwa nguvu, presha imenaswa. Kama limenaswa moja tu, ni mpira wake, umevimba ndani na unapitisha upande mmoja kama vali. Kama yamenaswa yote, hakikisha fimbo ya pedali ina nafasi ya takriban milimita 1 kabla haijagusa pistoni ya masta. Kama maji hayakuruka na gurudumu bado limeshika, kutu imekwamisha silinda au viatu.

Niliposhusha mpira wangu na kupuliza kwa mdomo, upepo haukupita. Ni ugonjwa uleule wa mpira wa petroli, na nilikuwa nimeshasahau.

Nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ile ya milimita 36, inakazwa kwa nguvu kubwa mno, karibu Nm 300. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye bomba umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye nati, yuko hapo hapo. Ikilegea, meno ya dramu yanalika na utasikia "klak" kila unapoondoka. Pini ya usalama iwekwe mpya.

Gia haziingii injini ikiwaka

Zikiingia injini ikiwa imezimwa, gia boksi ni nzima. Angalia kebo ya klachi kwanza. Pedali iwe na mchezo wa sentimita 1 hadi 2. Kama kebo iko sawa, diski imeganda kwenye flaiwili kwa kutu. Kandamiza pedali hadi chini, izuie kwa ubao dhidi ya kiti, iache usiku kucha. Yangu iliachia usiku wa pili kwa mlio mmoja mkubwa uliomwamsha jirani.

Usukani unatetemeka

Kabla ya kumlaumu fundi wa alaimenti, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalisomeka 2309, wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata zilikuwa bado ndefu, lakini upande uliokaa chini miaka yote ulikuwa bapa na mpira una nyufa. Tupa. Upepo wa mbele ni mdogo kuliko wa nyuma, kama psi 18 na 27 kwa tairi za radial. Kijana wa upepo atakujazia 35 kote usipomwambia. Kama tairi ni mpya na mtikisiko ukabaki, ndipo uangalie shokomzoba ndogo ya usukani, kisha jointi. Ekseli ya mbele ipigwe grisi gari likiwa limenyanyuliwa, magurudumu yananing'inia, la sivyo grisi haifiki panapotakiwa.

Safari ya kwanza

Shughulikia bima, pembetatu za kuakisi na stika ya ukaguzi kwanza. Polisi husimamisha gari la namna hii hata lisipokuwa na kosa, wengine wanataka tu kuuliza kama linauzwa. Zunguka mtaani kwanza, kilomita 5, rudi, gusa dramu zote nne kwa kiganja. Zote ziwe na joto linalofanana.

Baada ya kilomita 500 pima tapeti (nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma) asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15 zote nane. Andika namba ya kila moja kwenye daftari, usiishie kurekebisha tu. Vali inayohitaji kulegezwa kila unapopima inarefuka, na siku moja itakatika kichwa na kutoboa pistoni. Ekzosi ya silinda ya 3, iliyokaa siku zote upande wa nyumba ya panya, ilibana mara mbili mfululizo. Kwa hiyo sijafika Pangani. Kichwa cha kushoto kiko mezani na vali mpya nimeshaagiza.